"Avoid": kuepuka, kukwepa au kuzuia?

Ndugu, umeuliza kama kitenzi cha Kiingereza "avoid" ni sawa na "kukwepa", na kwa nini mwalimu wako aliikosoa sentensi yako, "I avoid to eat sugar". Maana yake ya msingi ni kuepuka, yaani kujiweka mbali na mtu, jambo au hatari kabla haijakufika. Kukwepa kuna ujanja ndani yake, na hapo Kiingereza hupendelea "dodge" au "evade". Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwenye kodi: "tax avoidance" ni kupunguza kodi kwa njia ambazo sheria haijazikataza, ilhali "tax evasion" ndiko kukwepa kodi, ambako ni kosa la jinai.

Kosa la sentensi yako limetokana na Kiswahili chetu, kwa kuwa tunasema "naepuka kula sukari", kisha ile "ku-" ya "kula" tunaihamisha moja kwa moja ikawa "to". "Avoid" haikubali "to" baada yake. Hufuatwa na nomino, kama "I avoid sugar", au kitenzi chenye "-ing", kama "I avoid eating sugar". Vilevile usiandike "avoid the child from falling", kwani anayeepuka hujiepusha yeye mwenyewe; ukitaka kumzuia mtoto asianguke, tumia "prevent". Kosa hili la mwisho nimelikuta hata kwenye barua za kazi zilizoandikwa kwa uangalifu mkubwa, kwa hiyo nakusihi ulitazame kwa makini kila unapoandika.