Mtoto yuko kwenye ekmo, wanataka kumpeleka chumba cha katheta: nimewahi kukisukuma kitanda hicho

Pole sana dada. Umeuliza kama madaktari wa huko wana akili timamu: mtoto wa mdogo wako ana miezi mitano, anaishi kwa mashine ya ekmo, halafu wanataka kumtoa ICU wakampitishie mrija mwembamba, yaani katheta, hadi moyoni. Mimi ni nesi wa watoto mahututi huku Uingereza. Mara ya kwanza nami nilijiuliza hivyohivyo, ila kimoyomoyo, maana nilikuwa mgeni kazini.

Ekmo haitibu moyo, inaushikia zamu tu. Inavuta damu, inaitia oksijeni, inairudisha mwilini. Na kadiri siku zinavyosonga, hatari ya damu kuganda mashinani au kuvuja kichwani inaongezeka. Kwa hiyo moyo usipoamka, lazima ijulikane kinachouzuia. Kwa aliyepasuliwa moyo, huenda kuna mshipa uliobana, na kipimo cha eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, hakioni kila kitu kwenye kifua kilichojaa bandeji.

Mtoto niliyempeleka mimi hakuwa amepasuliwa. Virusi vilishambulia msuli wa moyo. Mashine ilirudisha damu kwenye mshipa mkuu kwa nguvu, moyo uliochoka ukashindwa kushindana nayo. Upande wa kushoto ukafura, damu ikarudi nyuma mapafuni, tukimnyonya makohozi linatoka povu la rangi ya waridi. Povu lile sijalisahau.

Kilichofanyika ni kupitisha katheta kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, kutoboa ukuta kati ya vyumba viwili vya juu, na kulipanua tundu kwa puto. Damu iliyokwama kushoto ikapata njia ya kwenda kulia, mashine ikaichota. Kazi ya puto si ya jana: daktari William Rashkind wa Philadelphia aliieleza mwaka 1966, kwa vichanga waliozaliwa na mishipa mikuu iliyobadilishana nafasi.

Kusema kweli, lililonitoa jasho ni korido. Mwendo wa dakika mbili tuliutumia karibu nusu saa. Tulikuwa watu wanane, mmoja kazi yake ni kushika mirija ya shingoni tu, asiguse kingine. Mtungi wa oksijeni wa akiba, betri, na mkono wa chuma wa kuzungushia pampu umeme ukikatika. Kwenye lifti mrija ukajikunja, mashine ikapiga kelele, mtaalamu wake akaunyoosha kabla sijaelewa kinachoendelea. Mrija ukichomoka pale, hayo ni mengine.

Chumbani kwenyewe usishangae ukisikia walipunguza kasi ya mashine kidogo. Ile dawa ya kuonyesha mishipa kwenye picha huvutwa na mashine pamoja na damu kabla haijafika inapotakiwa. Na akirudi akivuja damu kinenani, mara nyingi ni kwa sababu anapewa heparini ili damu isigande.

Yule wa kwangu povu lilikata usiku uleule, lakini alikaa kwenye mashine siku sita zaidi. Mwambie mdogo wako asitarajie kumkuta ameshachomolewa.

Amuulize daktari mawili: mnatafuta nini hasa, na mkikikuta mtakirekebisha palepale au atapelekwa chumba cha upasuaji? Akishajibiwa, andika hapa, nipo zamu ya usiku hadi Ijumaa.