Maswali Yenu: Mwanangu hatazami watu usoni, mpelelezi asema anaficha jambo

SWALI: Mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 22 na ana usonji. Mwezi uliopita aliitwa polisi kuhojiwa kuhusu simu iliyopotea katika duka anakofanya kazi. Mpelelezi aliniambia kwamba anaficha jambo, kwa sababu alitazama sakafu muda wote, alitikisa mguu na kurudia maneno aliyoulizwa. Ametakiwa kurudi wiki ijayo. Je, hayo yanaweza kuwa ushahidi?
Mama wa kijana, Pasua, Moshi

JIBU: Pole sana, mama. Kutazama sakafu hakuthibitishi uongo, kwa mwanao wala kwa mtu mwingine. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi za waliowatangulia, wakaona kwamba watu wanaojaribu kumtambua mwongo hupatia mara 54 hivi katika 100, jambo lisilopishana sana na kurusha shilingi. Isitoshe, sisi wenyewe huwafundisha watoto kuinamisha macho mbele ya wakubwa, kisha macho hayohayo yakiinama kituoni tunayatilia shaka.

Kwa mwenye usonji, kumkazia mtu macho kunaweza kumlemea hata asifuate anachoulizwa, na kutikisa mguu huenda kukamsaidia kutulia. Linalonitia wasiwasi zaidi ni kule kurudia maneno. Akiulizwa, "Uliichukua simu?" naye akasema, "Uliichukua simu," mpelelezi mmoja ataona dhihaka, mwingine ataandika kwamba amekiri, ilhali kijana pengine bado analitafakari swali. Akiulizwa, "Unajua kilichokuleta hapa?" anaweza kujibu, "Bajaji," bila utani wowote.

Kwa hiyo msiende kimya. Kabidhi barua ya daktari kabla ya mahojiano kuanza, na uombe kukaa naye. Huko Uingereza, kanuni zilizo chini ya sheria ya mwaka 1984 zinataka mtuhumiwa wa namna hiyo awe na mtu mzima asiye polisi kando yake. Kwetu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa aliye chini ya ulinzi haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, nanyi mkimpata wakili mapema itakuwa afadhali. Shauri likifika mahakamani, kitakachosomwa ni maelezo ya onyo aliyotia saini, yaani yale aliyoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika kama ushahidi, hivyo omba aulizwe maswali mafupi, moja moja, na majibu yaandikwe kama alivyoyatamka. Kabla hajasaini asomewe yote. Na kwa kuwa anaweza kuitikia "ndiyo" ili tu aruhusiwe kuondoka, mwombe aeleze kila aya kwa maneno yake mwenyewe.