Maswali Yenu Kuhusu Siku ya Mapumziko

Jumamosi ni "mosi". Iweje Wasabato waiite siku ya saba? (Msomaji, Same)

Majina ya siku za Kiswahili huhesabiwa kuanzia baada ya Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu. Ndiyo maana Jumamosi ni ya kwanza na Jumatano ni ya tano. Sasa tazama inayofuata: Alhamisi nayo maana yake ni ya tano, ila kwa Kiarabu, ambacho huhesabu kuanzia Jumapili. Tuna "tano" mbili zinazofuatana kwa sababu hesabu mbili zimekutana ndani ya juma moja! Biblia inafuata hii ya pili, na Mwarabu hadi leo Jumamosi huiita as-Sabt.

Soma Luka 23:54 hadi 24:1. Utakuta siku ya maandalio, kisha sabato ambayo wanawake walistarehe, kisha siku ya kwanza ya juma walipoenda kaburini. Kwa hiyo Msabato na Mkatoliki hawabishani juu ya hesabu. Mmoja anashika siku iliyotajwa katika amri, mwingine anashika siku ya ufufuo.

Sabato inaingia saa ngapi hasa? (Msomaji, Kigoma)

Jua linapozama Ijumaa, na inatoka jua linapozama Jumamosi. Msingi ni Mambo ya Walawi 23:32, jioni hata jioni. Kosa tunaloliona sana ni watu kushika saa 12 kamili kwa nchi nzima, au kutumia ratiba ya machweo ya Dar es Salaam wakiwa mikoani. Huko kwenu Kigoma jua huzama zaidi ya nusu saa baada ya Dar, ingawa saa za ukutani ni zilezile. Tumia ratiba ya mji wako.

Kila Ijumaa jua linatukuta bado jikoni. Tunakosea wapi? (Mama wa watoto wanne, Kisii)

Mnaanza Ijumaa. Anzeni Alhamisi. Mana yenyewe iliokotwa maradufu siku ya sita (Kutoka 16), na waliotoka siku ya saba kuitafuta hawakuiona.

Alhamisi jioni fueni nguo za ibada na kuzipiga pasi, maana umeme ukikatika Ijumaa alasiri hamna pa kukimbilia. Usiku huo loweka maharage. Ijumaa asubuhi yachemshe mpaka yaive, kwa maji na chumvi tu. Tui la nazi lisiingie kabla ya siku ya kula, kwa kuwa huharakisha kuchacha kwa chungu kizima. Jioni ibaki kuoga na kukusanyika.

Wali ndio wenye hatari zaidi, ingawa maharage nayo huharibika yakilala nje ya friji. Una vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na ukilala kwenye sufuria au hotpoti iliyopoa huamka na kuzaana. Kuupasha moto kesho yake hakuondoi sumu waliyokwisha kuiacha. Utandaze kwenye sinia upoe, uingie friji ndani ya saa 2. Kama hakuna friji, wali na maharage visipikwe Ijumaa kwa ajili ya kesho. Wekeni chapati, karanga na ndizi mbivu. Kupasha moto chakula kilichokwisha kuiva Wasabato wengi hawahesabu kuwa ni kupika.

Mimi ni muuguzi. Zamu ya Sabato ni dhambi? (Musoma)

Kumhudumia mgonjwa si dhambi. Mathayo 12:11-12 inatosha. Kinachoweza kuahirishwa ni kupanga stoo na kujaza ripoti za mwezi. Ukitaka kubadilishana zamu, mwone msimamizi kabla ratiba haijabandikwa, na uende na pendekezo mkononi: Jumapili na sikukuu utazishika wewe. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa mapumziko ya angalau saa 24 kila juma, lakini haikutajii Jumamosi. Siku yenyewe mnapatana.

Nikisali misa ya Jumamosi jioni, Jumapili nimemaliza? (Moshi)

Wajibu wa misa umetimia. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa za 1983 inasema hivyo wazi. Kupumzika hakujatimia. Kanuni ya 1247 bado inakutaka Jumapili uache kazi na shughuli zinazozuia ibada, furaha ya siku hiyo na pumziko la mwili na roho. Kufungua duka kutwa kwa hoja kwamba "nilishasali jana" ni kuisoma kanuni moja na kuiacha jirani yake.

Dada wa kazi afanye nini siku hiyo? (Nairobi)

Apumzike. Kumbukumbu la Torati 5:14 inamtaja mtumwa na mjakazi, na kueleza sababu: wapate kupumzika vile vile kama wewe. Familia inayoenda ibadani na kumwacha na beseni la vyombo haijaishika siku, imemhamishia mtu mwingine kazi. Vyombo visubiri jua lizame, au kila mtu aoshe sahani yake. Na kama dhehebu lake si lenu, mwulizeni anasali siku gani kabla hamjapanga zenu, kisha mpeni hiyo.