Kabla hamjanunua kapeti jipya la uwanja wa padeli, angalieni mchanga

Mkuu uliyeuliza kutoka Bukoba, nimesoma maelezo yako mara mbili. Umesema uwanja wenu wa padeli (mchezo kama tenisi, unaochezwa kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa vioo na wavu) una mwaka na nusu, watu wanateleza karibu na vioo vya nyuma, katikati mpira hauruki sawa, na fundi amewaambia kapeti limekwisha mnunue jingine. Naomba msinunue kwanza. Natunza uwanja mmoja hapa Mwanza, uko karibu na maji kiasi kwamba usiku wa giza unaziona taa za wavuvi wa dagaa ukiwa umesimama kwenye neti. Dalili hizo hizo zilinipata mimi, na kapeti letu lilikuwa zima. Mchanga ndio ulikuwa umeharibika.

Watu wakiangalia uwanja wanaona majani ya plastiki, ila mzigo wote unabebwa na mchanga uliomo ndani yake. Ndio unaosimamisha nyuzi, ndio unaolituliza kapeti juu ya zege lisijikunje, na ndio unaomruhusu mchezaji aserereke kidogo bila kuanguka. Ukipungua, nyuzi zinalala na kukatika, na kiatu kinanasa mahali ambapo goti lilitaka kiteleze. Ukizidi, mtu anakanyaga chembe tupu na kwenda chini. Sasa mchanga hautulii mahali pamoja. Wachezaji wakikimbia wanausukuma pembeni, upepo wa ziwa nao unaongeza yake, mwishowe katikati panakuwa na upara na kwenye kona za vioo kuna kilima. Kwa hiyo kuteleza kwenu nyuma na mpira kutoruka sawa katikati ni ugonjwa mmoja.

Pima kwanza. Chukua rula ya shule, panua nyuzi kwa vidole, uisimamishe pale mchanga unapoanzia. Sisi tunataka milimita 2 hadi 3 za nyuzi zibaki juu ya mchanga, na makapeti mengi ya padeli yanataka karibu hivyo. Pima katikati, pima nyuma ya mstari wa sevu (ule wa kuanzishia mpira), pima kona zote nne. Kona zikiwa zimefunikwa kabisa na katikati nyuzi zimelala zote, basi mchanga umehama tu. Chukueni brashi pana ya nailoni ngumu, isiwe ya waya, mvute kutoka ukutani kuelekea katikati, kisha mpite tena kinyume na upande nyuzi zilipolalia. Fanyeni kapeti likiwa kavu. Mchanga wenye maji hauhami, unashikana madonge. Kwetu tunapiga brashi mara mbili kwa wiki, na kila asubuhi kwenye kona kwa dakika kumi. Hiyo kazi ya kona ndiyo imeokoa uwanja kuliko kitu kingine chochote.

Hapa nieleze kosa langu, maana naogopa mtalirudia. Mwaka wa kwanza nilipoona katikati pana upara, badala ya kuvuta ule wa pembeni niliamua kuongeza mwingine. Mchanga wa silika, ule unaotumika kwenye viwanja hivi, ilibidi uagizwe kutoka mbali, na mchanga wa ziwani uko mlangoni. Nikanunua viroba kadhaa ufukweni, nikauchekecha kwa wavu wa fundi ujenzi, ukaonekana mweupe na mzuri. Nikaumwaga. Masika yalipoingia, ndani ya wiki tatu kapeti lilikuwa gumu kama sakafu. Maji ambayo zamani yalikauka ndani ya saa moja yakawa yanalala mpaka jioni, na upande wenye kivuli ukaota utando wa kijani.

Mzee mmoja aliyewahi kutunza viwanja vya tenisi akanionyesha kitu kidogo sana. Alichota kiganja cha mchanga wangu, akautia kwenye chupa ya maji ya nusu lita, akajaza maji, akatikisa, akaiweka juu ya benchi. Maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Tulikaa tukaongea, tukanywa soda, bado chai ya maziwa. Kisha akafanya vilevile kwa mchanga wa silika uliokuwa umebaki stoo: chembe zikashuka chini mara moja na maji yakabaki meupe. Lile vumbi la udongo ndilo lililokuwa limejaza njia za maji. Halafu akanambia niusugue kiganjani. Wa ziwani ulichoma, wa silika ulizunguka kama ulezi. Chembe zenye ncha zinakata nyuzi kila mtu anapogeuza mguu. Miamba yetu ya Mwanza ni granaiti, na mchanga mwingi wa hapa ni granaiti iliyomeguka, kwa hiyo usitarajie laini.

Kuutoa ilikuwa mateso. Tulisubiri kiangazi, Julai, tukawa watu wanne kwa siku tano, tunapiga brashi ngumu na kufyonza kwa mashine, mita kwa mita. Uwanja ni mita 20 kwa 10, unaonekana mdogo mpaka upige magoti juu yake. Kapeti letu linahitaji kilo 10 za mchanga kwa kila mita ya mraba, yaani tani 2, mifuko 80 ya kilo 25. La kwenu laweza kutaka pungufu au zaidi, hivyo tafuteni karatasi ya maelezo ya kapeti kutoka kwa mtengenezaji kabla ya kuagiza. Mnunue uliooshwa, uliokaushwa, wenye chembe za mviringo. Na msikubali mfuko wowote kabla hamjaufanyia jaribio la chupa.

Jambo la pili ni letu sisi wa kandokando ya ziwa, na sidhani kama fundi wenu kalifikiria. Wale wadudu wa ziwani. Unajua wanavyotoka, ziwani panasimama wingu kama moshi, usiku wanafuata taa za uwanja, asubuhi wamelala marundo chini ya kila nguzo. Kosa la watu wengi ni kukimbilia mpira wa maji. Ukiwamwagia maji wanakuwa uji, uji unaingia kwenye mchanga, unaoza, na utando wa kijani unapata chakula. Subiri jua liwakaushe, kisha wapulize kwa blowa (mashine ya kupuliza upepo) au wafagie taratibu kwa fagio laini, uwatoe nje kabisa, usiwaache pembeni. Usiku wa wadudu wengi sisi tunazima taa mara tu mechi ya mwisho inapoisha, hata kama watu bado wanapiga stori. Na wavu wa chuma juu ya vioo uukague kila wiki, kwa sababu buibui wanafuata wadudu na utando wao unashika vumbi na unyevu.

Vioo vioshwe asubuhi mapema kabla havijapata joto, kwa maji safi na kitambaa laini, kisha vikaushwe kwa skwiza ya raba, ile ya kukwangulia maji kwenye vioo. Sabuni ya unga msiiguse, povu lake linabaki ndani ya mchanga. Mashine ya presha nayo ikae mbali na kapeti, inarusha mchanga na kubandua maungio ya kapeti.

Boliti za vioo nazikagua kila mwezi kwa mkono na spana ndogo. Nakaza mpaka kioo kisitikisike, basi. Kati ya chuma na kioo lazima pawe na raba au plastiki, na ukiona raba imetoka au imekauka, badilisha siku hiyo hiyo kabla mtu hajaingia. Kioo hiki kikigusana na chuma hakikwanguki polepole, siku moja kinapasuka chote vipande vidogo vidogo, na kuvitoa kwenye mchanga ni kazi ya siku nzima na mashine ya kufyonza.

Umesema pia uwanja wenu uko chini ya kilima. Angalieni maji ya mvua yanakopita. Sisi tulilazimika kuchimba mtaro upande wa juu, maana kila mvua kubwa ilitushushia tope hadi mlangoni, na viatu vinamalizia kazi. Sasa mlangoni kuna mkeka mgumu na brashi, na hakuna anayeingia na viatu alivyotoka navyo barabarani, awe mwanachama au mgeni.

Anza na rula na chupa kesho asubuhi. Nitumie vipimo vya kona nne na vya katikati, pamoja na picha ya chupa yenye mchanga wa uwanja wenu baada ya kukaa nusu saa, nikuambie kama mnahitaji mifuko mingapi au brashi peke yake.