Maswali ya Wasomaji: Je, tufyeke makaburi ya zamani?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti katika kijiji kimoja cha Kaunti ya Kilifi. Makaburi yetu ya zamani, ambayo baadhi yake yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yamezungukwa na msitu mdogo wenye mbuyu mkubwa katikati. Vijana wanataka tufyeke kila kitu, tuchome taka na kupiga dawa ya magugu ili majani yasiote tena, kwa kuwa wanahofia nyoka. Wazee wanasema tusiguse hata kijiti. Tufuate kauli ipi?

JIBU: Ndugu Katibu, wazee wenu wako karibu zaidi na haki, ingawa nao hawatayapenda yote nitakayoyasema. Ardhi ya makaburi hailimwi, haichungiwi mbuzi wala haikatwi kuni kwa sababu ya heshima ya waliolala humo, na heshima hiyo ikidumu vizazi kadhaa hulea msitu ambao mahali pengine umekwisha kugeuzwa shamba. Ndivyo ilivyo katika kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambamo wazee walizikwa na miti haikukatwa ovyo. Kaya hizo ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na ndani yake imesalia mimea ambayo ni adimu kuonekana kwingineko katika pwani ya Kenya.

Mfano mwingine mnao karibu. Mji wa Gede ulihamwa katika karne ya 17, msitu ukaota juu ya misikiti, majumba na makaburi, likiwemo lile lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Katika msitu huo anaishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, mnyama wa kiasi cha nusu kilo, mwenye pua ndefu isiyotulia, ambaye duniani kote hapatikani ila katika misitu michache ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke. Mtaalamu Galen Rathbun aliwachunguza sange hao hapo Gede katika miaka ya 1970. Mnyama huyu hutafuta mende, mchwa, buibui na minyoo kwa kupekua majani makavu yaliyoanguka chini, na usiku hulala katika kitundu alichokijenga kwa majani hayohayo. Sisemi kwamba makaburi yenu yana sange. Nasema kwamba kile ambacho vijana wanakiita taka, na ambacho wanataka kukichoma, kwa viumbe wengi wa msituni ndicho chakula na ndicho kitanda.

Kwa hiyo fyekeni njia ya jeneza, pande za makaburi yanayozuriwa na sehemu mnayozikia sasa. Majani yakiwa mafupi hapo, mtu ataona anapokanyaga, na hofu ya nyoka itapungua. Sehemu nyingine acheni. Msichome moto, maana moto hupasua mawe ya matumbawe na kuua miche, na dawa ya magugu msiilete kabisa. Mbuyu ulindeni kuliko vyote: maua yake hufunguka jioni, popo huja kuyanyonya na kuyachavusha, na mashimo ya shina lake huwapa komba na ndege pa kulala.

Sasa yale ambayo wazee hawatayapenda. Kuna miti ambayo lazima ikatwe. Mbegu za miti ya jamii ya mkuyu huangushwa na ndege na popo katika nyufa za makaburi ya mawe, zikaota, na mizizi ikinenepa hupanua ufa hadi ukuta ukaanguka. Mche ukiwa mwembamba kama kalamu, ung'oeni. Ukishakuwa mti wenye mizizi ndani ya ukuta, msiuvute, kwani utatoka na mawe. Ukateni shina, kisha waulizeni wataalamu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kuendelea. Mwarobaini nao nauheshimu sana kwa tiba zake, lakini asili yake ni bara Hindi, na ndege wakila matunda yake hueneza mbegu hadi miche yake ikaisonga mimea ya kwetu. Acheni ule mkubwa wa kivuli, mng'oe watoto wake kila mwaka.

Neno moja kuhusu mawe yenyewe. Yale madoa ya kijivu na manjano juu ya makaburi si uchafu. Ni likeni, kiumbe kinachotokana na kuvu na mwani kuishi pamoja, na aina nyingi hupanuka kwa milimita moja tu kwa mwaka au pungufu, hivyo doa la upana wa kiganja laweza kuwa na umri wa miaka mingi sana. Anayelisugua kwa brashi ya waya au kulimwagia asidi analiharibu, na zaidi ya hapo asidi huyeyusha chokaa na matumbawe, ikafuta na maandishi ambayo hatutayapata tena.

SWALI: Bibi yangu alikuwa akipanda mrehani juu ya makaburi ya watu wetu. Je, jambo hili lina asili yoyote?

JIBU: Wengi hulihusisha na hadithi iliyopokewa na Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alipasua kuti bichi la mtende vipande viwili na kukichomeka kila kimoja juu ya kaburi, akitaraji wenyewe wapunguziwe adhabu maadamu havijakauka. Hukumu ya kupanda waulizeni masheikh. Kwa upande wa mimea, mrehani una mizizi mifupi isiyodhuru kaburi, na maua yake hupendwa na nyuki. Bibi alichagua vyema.

SWALI: Kwenye makaburi ya kanisa letu la zamani, huku Tanga, kuna bundi katika mti wenye pango. Waumini wanataka auawe kwa kuwa analeta kifo.

JIBU: Tafadhali mzuieni anayetaka kumwua. Bundi amekaa hapo kwa sababu pana utulivu, pana pango na pana panya katika majani. Humeza panya mzima, kisha hutapika mifupa na manyoya yakiwa yameshikamana kama donge. Wapelekeni waumini chini ya mti huo asubuhi, mlivunje donge moja mbele yao kwa kijiti, na wahesabu wenyewe mafuvu ya panya watakayoyakuta ndani.