Baraza la Bibi: Huyo mnunuzi muulize atalipa lini

Assalaam alaykum Bibi,

Mimi ni msukaji wa Matondoni, kisiwani Lamu, mama wa watoto watatu. Tuna kikundi cha kina mama kumi na wanne. Mwezi uliopita alitujia mama mmoja wa Kijerumani na mkalimani wake, akasema yeye hununua kwa njia ya biashara ya haki. Ataka vikapu 60 vya ukindu, majani ya mkindu, kwa shilingi 1,100 kimoja, na mwenye duka wa mjini hutupa 450. Lakini ana masharti: vikapu viwe kipimo kimoja, rangi isichuje, na tumpe picha zetu na habari za maisha yetu aandike kwenye vikaratasi vya bei. Kikundi kimegawanyika. Wengine wasema huyu ni dalali kama madalali wengine, ila ana ulimi mtamu. Mume wangu naye asema ukili, huu utepe wa kindu tunaosuka, ni kazi ya kupitishia wakati tu, haisomeshi mtoto. Bibi, biashara ya haki ni kitu cha kweli au ni jina?

Msukaji, Matondoni

Waalaykumussalaam mwanangu.

Nianze na mume wako ili nimalizane naye upesi. Mwambie akumbuke miezi ya kusi, chombo kimepandishwa pwani na bahari imechafuka, kisha aseme unga wa nyumbani ulitoka wapi. Na mwaka 2014, ilipotolewa hapa Lamu amri ya kutotoka nje usiku, wavuvi wa usiku wakakaa nyumbani, nyumba yangu ilikula mikeka. Si yangu peke yangu. Basi, mpe salamu zangu.

Sasa tuje kwenye kikapu chenyewe. Wengi wetu hatujawahi kukihesabu, na ndiyo sababu ya kuuzwa kwa 450. Mimi nilianza kusuka kabla sijavaa buibui, nikafika umri wa kuwa na wajukuu ndipo siku moja nikaketi na daftari la shule la mmoja wao. Niliandika hivi. Kindu za kikapu kimoja, pamoja na nauli ya mashua kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, shilingi 100. Rangi na kuni za kuchemshia, 40. Mishikio na uzi, 60. Hizo ni 200 kabla sijakunja mguu. Kikapu cha sokoni chala ukili wa pima sita (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na ukili huo hausukwi kwa mkupuo: wasuka pima moja, mtoto alia, wasuka nusu, adhana imeadhiniwa, usiku wamalizia kwa mwanga wa taa hadi vidole vikauke. Ukijumlisha kuchana, kusuka na kushona ni saa 14. Kwa bei ya duka, mkononi hubaki 250. Gawanya. Haifiki shilingi 18 kwa saa. Nilipomaliza kugawanya nilifunga lile daftari nikaenda kulala, maana nilikuwa nimeshona vikapu vya namna hiyo miaka mingi.

Kwa 1,100 hubaki 900, yaani shilingi 64 kwa saa. Si utajiri, lakini ni kazi.

Hata hivyo, mwanangu, usidanganywe na bei peke yake. Bei kubwa yaweza kutajwa na mtu yeyote. Zamani alitujia mnunuzi mmoja, jina lake nalihifadhi, akataja bei iliyotufanya tupige vigelegele. Alichukua misala 40, mikeka ya kusalia, tuliyokuwa tumenunulia kindu kwa mkopo wa dukani, akasema atatuma pesa mzigo ukifika. Mzigo ulifika. Pesa tunazingoja mpaka leo, na lile deni la duka tulilipa kwa kuuza mbuzi wa mwenzetu. Tangu siku hiyo mnunuzi akija simuulizi atalipa ngapi. Namuuliza atalipa lini.

Na hapo ndipo penye tofauti kati ya biashara ya haki na jina lake. Kuna shirika la dunia la biashara ya haki, WFTO, lililoanza mwaka 1989 kwa jina la IFAT. Lina kanuni kumi: malipo ya haki, kutotumikisha watoto, mwanamke na mwanamume kulipwa sawa kwa kazi sawa, kutunza mazingira, na nyinginezo. Ninayoipenda mimi ni ile ya malipo: kwa kazi za mikono, mafundi wakiomba, mnunuzi hutanguliza angalau nusu ya pesa za oda, bila riba. Nusu! Kwa oda yenu ya vikapu 60 hiyo ni shilingi 33,000 mkononi kabla hamjachana ukindu hata mmoja, na gharama zenu zote za vifaa ni 12,000. Hapo hakuna wa kwenda kukopa dukani, wala mbuzi wa mtu hauzwi.

Kwa hiyo muulizeni huyo mama: wewe ni mwanachama wa shirika gani, utatanguliza kiasi gani, na mwakani utarudi? Hilo la kurudi msilidharau. Oda moja kubwa isiyorudi huacha kikundi na kindu zilizozidi na ugomvi. Oda ya wastani inayokuja kila mwaka ndiyo inayolipa karo, kwa sababu unaweza kuipangia.

Wala si jambo jipya wala la ajabu. Mwaka 1946 mwanamke mmoja wa Pennsylvania, Edna Ruth Byler, alikuta wanawake wa Puerto Rico wakidarizi vitambaa vizuri kwa malipo duni, akavichukua na kuwauzia jirani zake kutoka kwenye buti la gari. Kutoka hapo lilizaliwa shirika la biashara ya haki la Ten Thousand Villages. Na hapa kwetu pwani, karakana za Bombolulu kule Mombasa zimekuwapo tangu 1969, mafundi wake ni watu wenye ulemavu. Huo ni ujira wa watu waliokuwa wakiambiwa wakae tu wasaidiwe.

Masharti yake sasa. La kipimo na la rangi, mpeni haki yake. Siwatetei wasukaji wanapokosea. Nimeona kikapu cha shilingi elfu kikiacha rangi nyekundu kwenye kanzu nyeupe ya mtu, na aliyekisuka akasema ni bahati mbaya. Si bahati mbaya, ni maji ambayo hayakuchemka. Kindu zikitoka kwenye sufuria zisuuzwe hadi maji yawe meupe, zianikwe kivulini, halafu chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua. Kikitoka na rangi, rudisha sufuriani. Na msifungashe mzigo wakati wa masika kindu zikiwa na unyevu. Ukungu hauonekani Matondoni, waonekana ndani ya kontena baada ya wiki sita, na mzigo wote unakataliwa kwa ajili ya vikapu vitatu. Kwa kipimo, kateni kijiti kimoja cha urefu na kimoja cha upana, kila mmoja awe navyo nyumbani kwake. Pima ya mkono wako na pima ya mkono wa jirani yako hazilingani, hata mkiapa.

La picha, hapana, si lazima. Mwanamke asiyetaka sura yake iende Ulaya asilazimishwe, na mnunuzi wa haki hapaswi kununua kikapu pamoja na aibu yako. Pigeni picha ya mikono ikisuka ukili, inapendeza kuliko sura zetu sote. Habari za maisha pia chagueni wenyewe. Huna haja ya kujifanya maskini zaidi ya ulivyo. Sema kikapu kimesukwa vipi, ukili wa jicho gani (yaani namna gani ya kusuka), nani alikufundisha.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, nami naliogopa kuliko yote. Pesa zitaingia kwenye simu ya nani? Nimeona kikundi kizuri kikivunjika si kwa sababu ya mnunuzi, bali kwa sababu M-Pesa ilikuwa kwenye laini ya mtu mmoja, na daftari lilikuwa kichwani mwake. Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Jisajilini kwa afisa wa maendeleo ya jamii kama bado. Kila anayeleta kikapu aandikwe hapo hapo, aone kwa macho yake, hata kama hajui kusoma atambue alama yake. Mkikubaliana kuweka shilingi 50 ya kila kikapu kando, oda hii itawapa 3,000 za mfuko wa kikundi. Ni kidogo, lakini mwenzenu akijifungua kwa shida usiku, mashua ya kumpeleka hospitali mjini ipo.

Na mkindu nao. Msinyonyoe majani machanga yote ya mti mmoja. Ukifanya hivyo mwaka huu na mwaka ujao, utadhoofika, na kindu zitatoka mbali zaidi, kwa nauli kubwa zaidi.

Shikamoo Bibi,

Nina kiduka hapa Malindi, nauza vikapu na kofia kwa wageni. Je, naweza kuandika "biashara ya haki" kwenye bango langu? Jirani yangu ameweka hata alama ya Fairtrade, ile nembo ya biashara ya haki, aliyoikata kwenye pakiti ya chai.

Mwenye duka, Malindi

Marahaba. Mwambie jirani aibandue. Alama ile hutolewa kwa mazao kama chai, kahawa, ndizi na maua, kwa ukaguzi na mkataba, haihusu kikapu chake. Nawe alama ya WFTO usiitumie kama hukukaguliwa. Lakini bango lako ni lako. Andika: "Kikapu hiki nauza 1,500. Aliyekisuka nilimlipa 1,000, siku aliponiletea." Kama huwezi kuandika hivyo, unajua mwenyewe kwa nini.