Kabla Hujamtoboa Kiwavi, Jua Umri Wake

Jumatatu nimemkuta mdogo wangu mmoja akichanganya damu ya viwavi wa vikombe vinne kwenye kichupa kimoja. "Wote ni hatua ya sita, kaka." Yaani wote wamo kipindi cha mwisho cha ukiwavi, kabla ya kugeuka pupa na kisha nondo. Nikajiona mimi wa miaka ile. Haya, sogeeni.

1. Barafu kwanza, mkasi baadaye. Damu ya kiwavi ikipata hewa huwa nyeusi upesi, kwa hiyo feniltiorea, dawa ya kuzuia weusi huo, iwe imeshaingia kwenye kichupa kabla hujakata mguu.

2. Homoni ya uchanga, ile inayomfanya kiwavi abaki kiwavi, ina asili ya mafuta, hung'ang'ania plastiki. Iyeyushe kwa asetoni, kwenye chupa ya kioo, ndipo uwapake. Kundi la kulinganisha nalo lipakwe asetoni tupu. Imeisha hiyo.

3. "Hatua ya sita" si umri. Hapa ndipo nilipoumia. Viwavijeshi vamizi wangu walipoingia hatua ya mwisho, nusu niliwapaka metoprini, ile inayojifanya homoni ya uchanga, nusu asetoni. Siku kadhaa baadaye nikawatoa damu wote kwa mkupuo, usiku, njaa inauma. Kwenye jeli ya kutenganisha protini, mistari ya heksamerini, yaani protini za akiba, ilikuwa minene kwa waliopakwa metoprini, hafifu kwa wenzao wa asetoni. Nikarukaruka peke yangu maabara. Nikaandika slaidi kwa herufi kubwa: homoni ya uchanga inapandisha protini za akiba. Kwamba waliotutangulia walikuta kinyume chake, niliona ni bahati yao mbaya.

Siku ya kuwasilisha, mama mmoja mtafiti akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hao wa asetoni walikuwa bado wanakula?"

Nikanyamaza. Vikombe vikanijia machoni. Wa metoprini walikuwa wanene, wamezungukwa na vinyesi vibichi. Wa asetoni walikuwa wamenywea, utumbo mtupu, chakula hakijaguswa, mmoja anajichimbia pembeni kama anatafuta udongo. Na daftarini nilikuwa nimeandika nini? "Wamelala." Wamelala! Homoni ya uchanga ilishashuka, ekidisoni, homoni ya kujivua gamba, imepanda, na tishu ya mafuta, iliyokuwa ikimwaga protini kwenye damu siku chache nyuma, sasa inazivuta zirudi ndani ziwe akiba ya kumjenga nondo. Nilikuwa nimemlinganisha mtoto anayekula na mwari aliyekwisha kuwekwa ndani. Miezi mitatu ya kurudia kazi, ndugu zangu, na slaidi ile bado ninayo.

4. Kwa hiyo hesabu saa tangu ajivue gamba. Mtafute mapema yule ambaye kichwa bado cheupe, hakijakauka. Mtafiti wa wadudu Kopeć, kule Poland, aliyechapisha kazi yake 1922, alitumia uzi tu. Aliwafunga viwavi katikati ya mwili: waliofungwa mapema, nusu ya mbele ikawa pupa, ya nyuma ikabaki kiwavi, waliofungwa siku chache baadaye wakawa pupa pande zote mbili. Uzi uleule, siku tofauti. Sidhani kama naye aliandika "wamelala".

5. Kikombe kimoja, kiwavi mmoja. Hawa wanakulana. Niliwahi kuacha wawili Ijumaa, Jumatatu nikakuta mmoja, ameshiba, hana habari.

Yule wa vikombe vinne alimwaga kichupa chake, akaninunia siku mbili. Leo saa kumi na mbili asubuhi nimemkuta na tochi mdomoni, anahesabu vichwa vyeupe. Nimemwachia chai mlangoni, maana ndani hakuliwi.